Samaki wa sebuleni alishwe mara ngapi?

Juma lililopita nilipokea barua ya msikilizaji mmoja wa Ilala, hapa Dar es Salaam. Bwana huyu amenunua tangi la kioo, amelijaza maji ya bahari, ametia samaki wanne wa rangi rangi, na tangu siku hiyo hana usingizi. Anauliza: samaki wa maji ya chumvi aliyewekwa nyumbani hulishwa mara ngapi? Anasema amewauliza watu watatu, akapata majibu manne. Wa kwanza alimwambia mara moja kwa siku. Wa pili akamwambia mara tatu, kama binadamu. Wa tatu akamwambia awape kila wanapoomba, kisha kesho yake akabadili kauli, akasema ni heri wasile kabisa kuliko kula ovyo.

Najua wapo watakaoguna. Watasema nauli zimepanda, mitaro imeziba, na huyu bwana anakaa redioni kutuzungumzia samaki wa mapambo! Naomba radhi kwao. Lakini samaki hawa hutolewa katika bahari hii hii yetu, kwenye matumbawe haya haya ambayo kwa miaka mingi tumeyavunja kwa baruti na nanga. Na zaidi ya hayo, mimi nina deni nao. Niliwaua samaki tisa kwa siku nne, na wala sikuwaua kwa njaa.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa na tangi la lita 200 sebuleni, mkabala na makochi, na ndani yake samaki 11. Leo naiona idadi hiyo kuwa ni msongamano wa daladala saa kumi na mbili jioni, lakini wakati ule nilijiona fundi. Ukatokea msiba Tanga. Alhamisi asubuhi nikafunga safari, na kabla ya kutoka nikamkabidhi mpwa wangu, kijana wa miaka 12, kopo jipya la chakula kikavu cha samaki lenye gramu 50. Nikamwambia: "Wape kidogo asubuhi, kidogo jioni."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nami ndiye niliyelizaa. Kidogo ni kiasi gani? Kwa mtu aliyezoea ni kile kinachoshikika kwa ncha za vidole viwili. Kwa mtoto anayempenda mjomba wake, na anayetaka mjomba arudi akute samaki wamenona, kidogo ni kiganja. Tena hakuwa peke yake. Mama watoto naye, akipita na kuwaona wamejipanga kwenye kioo wanachezesha mapezi, aliona huruma akawarushia. Mlinzi wetu aliyeingia kunywa chai alirusha. Wageni waliokuja kutoa pole walirushiwa watoto wao kopo ili watulie. Kila mmoja alidhani mwenzake hajalisha. Nilipopiga simu Ijumaa nikauliza, "Samaki wanakula?" Nikajibiwa kwa furaha, "Wanakula sana, mjomba!" Nami nikarudi msibani moyo umetulia.

Jumapili usiku nilipofungua mlango nilipokewa na harufu. Maji yalikuwa meupe kama tui la pili. Kangaja wangu, samaki niliyempenda kuliko wote, alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Wengine walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wakihema. Tulihangaika na ndoo hadi alfajiri. Tulipomaliza walikuwa wamebaki wawili, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao watoto wote wanawajua tangu ile filamu ya katuni ya mwaka 2003. Kopo lilikuwa tupu.

Mpwa wangu alilia. Nilimwambia si kosa lake, na sikusema hivyo kwa kumbembeleza. Niliyasema kwa sababu nilikuwa nimekaa kitako na karatasi na kalamu, nikapiga hesabu. Naomba msikilizaji unifuate polepole, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Chakula kikavu cha samaki kwa kawaida hukaribia nusu yake kuwa protini. Tuseme asilimia 45. Kopo la gramu 50, basi, lina protini gramu 22.5. Katika kila gramu 6.25 za protini mna gramu moja ya nitrojeni, kwa hiyo ndani ya kopo lile mlikuwa na nitrojeni gramu 3.6. Chakula kikiliwa, samaki hutoa sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo kupitia matamvua yake kama amonia. Kisipoliwa, huanguka mchangani, huoza, na kuwa amonia vile vile. Njia ni mbili, mwisho ni mmoja. Sasa chukua nusu tu ya nitrojeni ile, gramu 1.8, uigawanye kwa lita 200. Utapata miligramu 9 kwa kila lita. Na tangi la maji ya chumvi lililo salama, ukilipima amonia, linatakiwa lisome sifuri. Sisemi moja au nusu, nasema sifuri.

Tena maji ya bahari hayana huruma katika jambo hili. Yana hali ya alikali, pH yake ni 8.2 hivi, na katika hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hukaa katika sura yake yenye sumu kuliko inavyokuwa katika maji baridi ambayo pH yake ni 7 au chini ya hapo. Ndiyo maana mtu aliyefuga samaki wa maji baridi kwa miaka kumi, akawa anawamwagia makombo bila kuona madhara makubwa, akihamia kwenye maji ya chumvi hushangaa.

Wapo wanaofanya kazi ya kusafisha uchafu huo, nao ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bakteria hawa huishi kwenye mawe, mchangani na ndani ya chujio. Lakini idadi yao hulingana na kazi waliyoizoea. Ni sawa na wazoa taka wa mtaa wenye mkokoteni mmoja: taka za kila siku wanazimudu, lakini ukiwamwagia za mwezi mzima kwa asubuhi moja, watazikimbia. Katika tangi jipya hata mkokoteni wenyewe haujafika. Bakteria huchukua kiasi cha wiki nne hadi sita kuota vya kutosha. Ndugu yangu wa Ilala hakuniambia tangi lake lina umri gani. Kama ni jipya, jibu la swali lake linaanza hapo.

Na kuna jambo la tatu, ambalo mimi nilikuwa sijalifikiria kabisa, nalo ni pumzi. Bakteria wale wanapofanya kazi hutumia oksijeni, zaidi ya gramu nne na nusu kwa kila gramu moja ya nitrojeni ya amonia. Zile gramu 1.8 zinadai oksijeni inayozidi gramu 8. Sasa, lita 200 za maji ya bahari yenye joto la nyuzi 27, yakiwa yameshiba hewa sawasawa, zina oksijeni kiasi cha gramu 1.3 tu. Pampu huingiza nyingine, ni kweli, lakini huiingiza polepole. Samaki wangu, basi, walikuwa wakinyang'anyana pumzi na chakula chao wenyewe. Ile midomo niliyoiona juu ya maji ilikuwa inatafuta hewa.

Nilipokwisha kuelewa kilichowaua, nikataka kujua walipaswa kula vipi. Nilikwenda kwa mzee wangu mmoja mvuvi wa Kunduchi, ambaye maisha yake yote hajafuga samaki ila ndani ya dema. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza msiba wangu. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, kule chini nani anampigia samaki kengele ya chakula?" Akanieleza alivyowaona kwa miaka yake ya kuzamia. Kangaja na tafi hawana mlo, wanadonoa mwani mawe kwa mawe, kutwa nzima, kama mbuzi wa uswahilini. Wale wadogo wanaoelea juu ya matumbawe husubiri mkondo. Maji yakianza kujaa hutoka, wakawa wanadaka vijidudu vinavyopita. Chewa hukaa pangoni, akipata leo kesho hana haraka. Mkunga hutoka usiku. "Kila mtu na zamu yake na sahani yake," akasema mzee. "Wewe umewaita wote meza moja, saa moja, ukawapa chungu kizima."

Ndugu msikilizaji, nilisoma vitabu baadaye, na sikukuta kilichompinga mzee yule. Swali la mara ngapi halina jibu mpaka kwanza useme ni samaki gani.

Samaki wengi wadogo na wa kati wanaouzwa kwa ajili ya majumbani, wakiwa watu wazima na wenye afya, wanatosheka kwa kulishwa mara moja au mbili kwa siku. Kipimo si kijiko, ni saa. Toa kidogo, tazama. Kikiliwa chote kabla ya kufika mchangani, ongeza kidogo tena. Zikipita dakika mbili au tatu, funga kopo. Kilichobaki kinaelea, kichote kwa kijichujio. Wafugaji hupenda kusema kwamba tumbo la samaki halizidi sana jicho lake, na ingawa si sheria ya Mungu, mtu akimtazama samaki wake machoni kabla ya kutia mkono kwenye kopo, mkono utapungua wenyewe. Tukumbuke pia kwamba samaki hatumii chakula kupasha mwili wake joto kama sisi. Joto lake ni la maji. Ndiyo sababu huishi vizuri kwa chakula ambacho sisi tungekiona ni dhihaka.

Kangaja na jamaa zake wanaokula mwani ni mbali. Hawa utumbo wao umeumbwa kwa kazi ya kutwa. Ukiwapa mlo mmoja mnono wakakaa hadi kesho, hukonda mgongoni, na wenye ukali huanza kuwashambulia wenzao. Wabanie kipande cha mwani kwenye kioo asubuhi, wadonoe watakavyo, jioni utoe kilichobaki. Mwani mkavu ule unaotumiwa na Wajapani kufungia wali unafaa, mradi haukutiwa viungo wala mafuta. Hata ule mwembamba wa kijani unaoota mawe ya ufukweni unafaa, ukiuchuma mahali pasipo na mfereji wa maji machafu na kuusuuza vizuri.

Wale wadaka mkondo, ambao wengi ni wadogo na wa rangi nyekundu au zambarau, wanahitaji mara tatu na zaidi kwa siku, kila mara punje chache. Kwa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni na kurudi saa mbili usiku, ushauri wangu ni kwamba asiwanunue. Farasi wa bahari ndiyo kabisa. Kiumbe yule hana tumbo la kuhifadhia chakula. Kinachoingia hupita haraka, kwa hiyo huhitaji kula mara kadhaa kila siku, tena hula taratibu, na wenzake wakimzidi kasi hufa njaa katikati ya neema.

Kinyume chao ni wala nyama. Chewa mdogo, au yule mwenye miiba yenye sumu anayeitwa simba wa bahari, akiwa mkubwa anatosha kulishwa mara mbili au tatu kwa juma. Mkunga vile vile, naye umlishe jua linapozama, kwa koleo ndefu, ukitaka vidole vyako vibaki kumi. Samaki hawa wakilishwa kila siku hunenepa, ini likajaa mafuta, wakafa mapema, na mwenyewe akabaki kusema amerogwa.

Sasa nifike kwa kitatange, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo panaponiuma.

Kabla ya ule msiba wa Tanga nilikuwa nimenunua kitatange mmoja, wa manjano, mwembamba kama sahani iliyosimama. Aliyeniuzia aliniambia anakula kila kitu. Nikampa chakula kikavu, akakitazama. Nikampa kamba waliosagwa, akawasogelea, akageuka. Nikaongeza idadi ya milo: mara mbili, mara nne, mara sita kwa siku. Wenzake walinona kwa kile alichokikataa yeye. Baada ya wiki tatu mgongo wake ulikuwa umeingia ndani kama kisu, na asubuhi moja hakuamka. Nilikuja kujua baadaye kwamba wapo vitatange, si wote lakini ni wengi, ambao chakula chao ni nyama hai ya matumbawe na karibu si kingine. Mtu asiyekuwa na matumbawe hai ya kumwachia aliwe hawezi kumlisha samaki wa namna hiyo, hata angekaa mbele ya tangi usiku na mchana. Yule mdogo mwenye mstari mweusi na buluu, ambaye kazi yake baharini ni kuwasafisha samaki wakubwa wadudu wa ngozini, naye mara nyingi huishia hivyo hivyo majumbani, kwa sababu wateja wake ameachana nao huko mwambani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mara ngapi, muulize muuzaji: huyu anakula nini? Kisha mwambie amlishe mbele yako. Asipokula dukani, ondoka. Usimwonee huruma ukamchukua, maana nafasi yake itajazwa na mwingine kutoka mwambani. Ripoti iliyotolewa mwaka 2003 na kituo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia uhifadhi wa mazingira, UNEP-WCMC, ilikadiria kwamba biashara ya samaki wa mapambo wa baharini ilikuwa ikichukua samaki milioni 20 hadi 24 kila mwaka duniani, wa aina zipatazo 1,471. Wengi wao, tofauti na wale wa maji baridi, si wa kuzalishwa mabwawani, hukamatwa baharini. Pwani ya Kenya ni mojawapo ya mahali wanapotoka, wakikamatwa na wapiga mbizi wenye nyavu za mkono. Sisemi biashara hiyo ni haramu. Inalisha nyumba za watu, na mpiga mbizi anayejua thamani ya kitatange hai hana sababu ya kurusha baruti. Ninachosema ni kwamba samaki aliyekatiza safari yote hiyo, kutoka mwambani hadi sebuleni kwangu, akafa kwa sababu sikuuliza swali moja dukani, amekufa bure.

Na isije ikawa mtu amenisikia akachukua wavu kwenda Mbudya au Bongoyo siku ya Jumapili. Visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 ipo. Utaulizwa kuhusu ndoo yako.

Chakula chenyewe si lazima kiwe cha kopo kutoka Ulaya. Mimi sasa hununua Feri kamba wadogo, ngisi na kipande cha pweza, nikavisaga pamoja na mwani, nikavitandaza ndani ya mfuko wa plastiki vikawa vyembamba kama chapati, nikavigandisha. Kila siku navunja kipande cha ukubwa wa ukucha, nakiyeyusha kwenye kikombe, namwaga yale maji yake ya ukungu, na kilichobaki ndicho naingiza. Usiyamwage maji yale tangini, maana hayamlishi samaki, yanaulisha mwani mchafu unaoota kwenye vioo. Mkate, ugali, maini ya ng'ombe, hapana. Samaki wa baharini anahitaji mafuta ya aina inayopatikana kwa viumbe wa baharini, na mengine kati ya hayo mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha.

Kuhusu umeme, sina haja ya kuwaeleza Watanzania maana ya giza. Tumepita mgawo wa mwaka 2006 mabwawa yalipokauka, na tumepita ule wa mwishoni mwa mwaka 2023. Kanuni hapa ni moja: pampu ikisimama, usilishe. Maji yaliyotulia hayaingizi hewa, na samaki aliyekula anahitaji pumzi zaidi kuliko aliye na njaa. Subiri umeme urudi, subiri saa moja au mbili zaidi, ndipo uwakumbuke. Ukikawia, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, yapate povu. Tena na tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini watoto huipenda. Pampu ndogo ya betri ni fedha iliyotumika vizuri.

Jambo jingine ni lile la kusafiri, ambalo laiti ningelijua siku ile ya Alhamisi. Samaki mzima mwenye afya, wa aina zile za kawaida, anaweza kukaa siku kadhaa bila kulishwa na asidhurike. Wafugaji wengi huwaachia hata siku moja ya funga katika kila juma, kwa makusudi, na jirani yangu mmoja, mcha Mungu, amewapangia wake Alhamisi ili afunge nao. Siku nne za Tanga hazikuwa kitu. Ningelifunga kopo lile kabatini, nikaondoka na ufunguo mfukoni, ningerudi nikakuta samaki 11 wenye njaa kidogo wakinikimbilia kwenye kioo.

Na hilo la kukimbilia kioo ndilo linalotudanganya sote. Tumelelewa hivyo, kwamba mgeni akinyanyua macho unamwongezea wali, na akikataa unamwongezea mchuzi. Samaki amejifunza tu kwamba kivuli cha mtu huja na chakula. Atakuja kwenye kioo akiwa na njaa, atakuja akiwa ameshiba, atakuja hata akiwa na ugonjwa wa shibe. Mimi hunitokea mpaka leo: nimewalisha saa kumi na mbili asubuhi, narudi jioni nawaona wanacheza, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kabati.

Ndiyo maana siku hizi pana kijitabu juu ya tangi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Aliyelisha anaandika saa na jina lake. Chakula cha juma zima kimegawanywa katika vile vikopo vidogo vya filamu za picha, vya zamani, kimoja kwa siku. Kikiisha kimeisha, hata aje mgeni wa namna gani. Mpango huo hakuubuni mjomba, aliubuni mpwa. Sasa ni kijana mkubwa, anasoma bweni, na kila akija likizo jambo la kwanza, kabla hajaweka begi chini, ni kufungua kijitabu kile na kukikagua ukurasa kwa ukurasa.

Wale wawili wa rangi ya chungwa wangali hai. Mwezi uliopita alikuta nimeandika mara tatu kwa siku moja, Jumamosi, zote kwa mwandiko wangu. Hakusema kitu. Alichukua kalamu, akazungushia duara, akaenda kubadili nguo.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.